Tulisema Ipukuchue Tu

Iyunga, Mbeya

Kasiani,

Mwandishi wa barua huanza kwa kuuliza hali, kisha akasema yeye hajambo, hofu yake ni kwa msomaji tu. Wewe hali yako naijua. Nilikushusha kaburini mwenyewe, nimeshika kamba ya upande wa miguu. Na mimi sijambo kwa afya peke yake. Kwa mengine yote nina hasira, na hasira hiyo ni juu yako, na kwa kuwa hukunisubiri nikuambie usoni, nakuandikia.

Tusekile mke wangu amenikataza. Anasema marehemu hasemwi vibaya. Nimemjibu kwamba simsengenyi marehemu kwa watu, nazungumza naye mwenyewe, na kama ana la kujitetea aje ajitetee. Akatikisa kichwa, akaenda zake kuchambua maharage. Basi nimeketi hapa karakanani kwetu, juu ya gogo ulilokuwa ukikalia wewe ukipiga tupa, na mlango nimeufunga kwa ndani ili wateja wadhani sipo.

Habari za hapa ni hizi. Mvua zimekwisha na baridi imeingia, ile baridi yetu ambayo ukishika chuma asubuhi unadhani kimekung'ata. Treni inapita na watoto bado wanaikimbilia. Tanuri lako halijawashwa tangu uondoke. Panya wametoboa mvukuto. Nilichukua ngozi na sindano nikataka kuuziba, nikauweka chini. Sijui nimwekee nani.

Nataka nianze mwanzo kabisa, maana tangu ufe watu wananisimulia mimi habari za mashine yetu kana kwamba sikuwepo. Nilikuwepo. Ulirudi kutoka Iringa, mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini, umemwona mama yako na wanawake wenzake mbele ya ghala la kijiji, wamezungukwa na mahindi ya shamba la pamoja. Wanayatia guniani, wanayapiga kwa marungu, yaliyobaki wanayapukuchua kwa vidole. Uliniambia kidole gumba cha mama yako kimechunika, na alipokuona akakificha ndani ya khanga. Hukula jioni ile. Ukasema, "Amba, wewe una mbao, mimi nina chuma. Tutengeneze mashine."

Tukatengeneza dude. Unalikumbuka? Tulitaka lipukuchue, lipepete, lisage, na ubavuni liwe na kisu cha kuwakatia ng'ombe mabua, kwa ajili ya wale wafugaji wa Kisukuma waliohamia Usangu, maana mmoja wao alipita hapa akasema lingekuwa jambo zuri. Kila aliyepita alituachia neno zuri na sisi tulilipokea kama zawadi. Dude likajaa karakana nzima, tukang'oa fremu ya mlango ili litoke. Siku ya kulionyesha walihitajika wanaume wanne kulikanyaga. Halikufika hata debe moja, cheni ikakatika, jiwe la kusagia likang'oka likateremka hadi barabarani, na dereva wa lori akafunga breki akashuka kututukana. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilicheka nao kidogo, kwa aibu. Wewe ulikwenda nyuma ya tanuri ukalia, nikajifanya natafuta nyundo.

Kesho yake ulikuja umejitwika ubao mbovu uliotupwa na shule. Ukaupigilia ukutani, ukachora mstari katikati. Kushoto ukaandika KWANZA, kulia ukaandika BAADAYE. Ukasema mashine ya kwanza itakuwa na kazi moja. Ipukuchue mahindi, basi. Mwanamke mmoja aikanyage peke yake bila kuita mtu. Na ikiharibika, fundi baiskeli wa kijijini aiweze. Mengine yote, hata yawe mazuri kama asali, yaende kulia.

Wewe ndiye uliyesema, Kasiani. Si mimi. Mimi nilikuwa bado nalililia lile jiwe.

Na jinsi tulivyofanya kazi baada ya hapo! Sijawahi kufurahia kazi namna ile. Badala ya kuuliza tuongeze nini, tuliulizana tutoe nini. Tulitoa lile bakuli la juu la kumiminia, kwa sababu mwanamke anaweza kuingiza gunzi moja moja kwa mkono na bado akashinda marungu mara nyingi. Tukatoa magurudumu ya kusukumia, kwa sababu watu wawili wanaweza kuibeba. Ulinifanya nibadilishe bolti zote ziwe za saizi moja ili spana moja itoshe. Nilinuna siku mbili kwa ajili ya bolti zile, halafu nikakiri kwamba ulisema kweli. Fremu niliichonga kwa mninga, ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja. Ulipitisha kidole kwenye maungio ukasema, "Hapa hata maji hayapiti." Neno hilo nililibeba nyumbani nikamwambia Tusekile.

Watu walikuja na haja zao. Bwana shamba alitaka chekecheke. Mwenyekiti wa kijiji cha kwenu alipopita safarini alitaka isage. Yule mfugaji alirudi na mabua yake. Wewe uliwasikiliza wote, ukachukua chaki, ukaandika kulia, ukapuliza vumbi. "Sikukatai, ndugu yangu. Ni baadaye." Wakaondoka wanacheka. Mimi nisingeweza. Mimi ningegombana nao wote.

Halafu nikaja na langu.

Unajua nyonga ya Tusekile tangu alipoanguka na mzigo wa kuni. Hawezi kusimama kwa mguu mmoja na kukanyaga kwa mwingine. Nikakuomba kiti. Kiti tu, ubao mmoja na miguu miwili, nikuchongee mwenyewe jioni moja, ili aliye na mguu mbovu naye akanyage. Nilikuomba kwa sauti ndogo kwa sababu nilijua sheria. Uliweka nyundo chini. Ukasema kiti kitarefusha fremu, fremu ikirefuka ekseli itarefuka, ekseli ikirefuka itapinda. Ukasema, "Tukianza kwako, Amba, tutawaambia nini wengine?" Ukachukua chaki ukaandika kulia: kiti cha Tusekile.

Niliumia, lakini nilikuheshimu. Nilifika nyumbani nikamweleza mwenyewe, nikaona anatazama pembeni, kisha akasema, "Sheria ni msumeno." Mimi seremala nikajisifu moyoni kwamba nina rafiki ambaye msumeno wake hauruki hata rafiki. Nililala na fahari, Kasiani. Mjinga mimi.

Ukaja ukasema unaipeleka Iringa kwanza, wiki kadhaa kabla ya mavuno, uipake rangi ya kijani kwa kuwa Mbeya rangi haipatikani, na iwe karibu na kijiji siku ya kujaribiwa itakapofika. Niliifunga magunia mwenyewe nikakusaidia kuipandisha loriani. Ukanipungia mkono umekaa juu yake. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kukuona ukipumua. Homa ilikuchukua siku nne. Nilipofika Iringa mjini, Mlandege kwa mjomba wako, walikuwa tayari wamekufumba macho, na mimi nikaomba randa na mbao nikutengenezee jeneza, kwa sababu sikutaka ulale katika kazi ya mtu mwingine. Nililia nikipiga randa. Hilo nalo nataka ulijue, ili ujue nilikuwa katika hali gani kabla ya yaliyofuata.

Kijijini kwenu kwenye mazishi alikuwepo mtani wenu Komba, yule Mngoni fundi cherehani. Mimi kwetu Unyakyusa utani wenu huo na Wangoni niliusikia tu, sikuwahi kuuona msibani. Jeneza lilipofika kaburini yeye aliruka mle shimoni, akalala chali, akasema Mhehe hazikwi hapa mpaka kwanza mbwa wote wa kijiji waitwe wathibitishe kwamba mla wenzao kweli amekufa. Mjomba wako akamtoa kwa kumpa kuku. Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Kisha akavaa koti lako la kazini, akachomeka penseli sikioni, akaanza kutembea kama wewe, mabega mbele, akigonga kila kitu kwa kucha. Mungu wangu, alikuwa wewe kabisa. Nilicheka kabla ya watu wote.

Akajifanya anazungumza na wanawake. "Kasiani, itasaga?" "Itasaga, mama!" "Itapepeta?" "Itapepeta!" "Na mabua ya ng'ombe?" "Itakata!" "Na mtoto akilia?" "Itambembeleza, mama, nimeshamwekea kamba!" Uwanja mzima ulikuwa unacheka. Hata mama yako alikuwa amejishika mbavu, machozi yanamtoka.

Lakini mimi nilikuwa nimesimama mbele, nikaziona nyuso. Wale wanawake walikuwa wanacheka na kutikisa vichwa, kule kutikisa kichwa kwa mtu anayelijua jambo. Mmoja kando yangu akamwambia mwenzake, "Ndivyo alivyotuambia, maneno hayohayo." Kicheko kikanikauka mdomoni.

Baada ya kufukia nilimtafuta Komba. Alikuwa anamnyonyoa kuku wake. Nikamwuliza yale maneno ameyatoa wapi. Akanitazama, utani umemtoka usoni, akasema, "Mtani haongezi chumvi kaburini, ndugu yangu. Mimi huigiza nilichokiona. Alikuwa akija hapa, akikaa pale kwa mama yake, watu wanakuja mmoja mmoja, na kila mmoja anaondoka na ndiyo yake."

Siku ya tatu, tulipoanua matanga, Mwenyekiti akaniita kando. Ndugu fundi, pole sana, kazi ya Mungu haina makosa, je, ile mashine ya kusaga itakuwa tayari kwa mavuno? Nikasema mashine gani ya kusaga. Akacheka kidogo akidhani ni huzuni. Akanikumbusha walivyokubaliana na wewe: mashine ijaribiwe siku ya kupukuchua mahindi ya shamba la pamoja, wanawake wenyewe waseme inawafaa au haiwafai. Wakisema inafaa, karakana yetu itengenezee vijiji vyote vya jirani. Wakikataa, basi, watasubiri mashine za kutoka nje. Hilo la majaribio nililijua. La kusaga sikulijua.

Nilirudi Mlandege, nikafungua banda la mjomba wako, nikaondoa magunia.

Kasiani, uliikata fremu yangu.

Uliikata kwa msumeno wa chuma. Maungio yale ambayo maji hayapiti uliyakata, ukaunga vipande vya mlingoti, mkaratusi tu, vimeshikwa kwa bamba na misumari. Misumari! Ekseli uliirefusha. Mwishoni ukaweka kapi la kuzungusha jiwe, na jiwe lenyewe liko pembeni limeshachongwa, na juu umetoboa matundu ya pangaboi la kupepetea. Hata sehemu ya kisu cha mabua umeipima kwa chaki. Lilikuwa dude letu lile lile, limefufuka, limepakwa rangi ya kijani. Niliweka mguu kwenye pedeli nikakanyaga. Ilinibidi nishike ukuta. Mimi mwanamume mzima ninayeshinda siku nzima na randa, nilishika ukuta.

Nikakaa chini kwenye vumbi, na nitakuambia neno ambalo sijamwambia hata Tusekile. Nilikuchukia. Udongo wa kaburi lako ulikuwa bado kwenye viatu vyangu na nilikuchukia.

Maana uliirefusha ekseli! Uliniambia haiwezi kurefuka. Uliniambia itapinda, na kweli imepinda, nimeipima kwa uzi. Kwa mwenyekiti irefuke. Kwa mfugaji aliyepita njia irefuke. Kwa kila bibi aliyekuja kukaa barazani kwa mama yako irefuke. Kwa Tusekile, aliyekupikia miaka yote ile, aliyekukanda mgongo ulipoangukiwa na fuawe lako la kufulia chuma, isirefuke. Watu wote wa dunia hii uliwaambia ndiyo. Mimi peke yangu uliniambia hapana, na ukanifanya nijivunie hiyo hapana.

Ungeniambia. Ungesema tu, "Amba, nimeshindwa, wananiomba nashindwa." Ningekutukana siku moja. Siku ya pili tungekaa tukatafuta njia, kama siku zote. Badala yake ulikuwa ukirudi Iyunga unapuliza chaki na kunihubiria.

Nilikuwa na wiki tatu kabla ya siku ya kujaribiwa. Nilifikiria kuliacha dude kama lilivyo, niwapelekee, livunjike mbele yao, wajue wewe ni nani. Nakiri niliifikiria kwa furaha. Lakini nikawaona wale wanawake wakirudia marungu, na wewe huoni aibu tena, mwenye aibu ni mimi. Basi nikaanza kutoa. Nilitoa jiwe, nikatoa kapi, nikatoa bamba lako na misumari yako mmoja mmoja. Nikanunua mninga, nikachonga fremu upya kwa kipimo chetu cha kwanza, ulimi na tundu. Ekseli niliipeleka kwa mhunzi mwingine akainyoosha na kuikata. Hakuweza kama wewe. Hilo nalo lilinikera, kwamba nilikuhitaji.

Komba alipita banda lile akaniona nimezungukwa na vyuma. "Mnyakyusa," akasema, "unamvua marehemu nguo?" Alikuwa anatania, lakini kijijini neno halibaki utani. Ikafika kusemwa kwamba yule mwenzake wa Mbeya ameibomoa zawadi ya marehemu, ameichukua mashine ya kusaga akauze kwao. Nilipofika kijijini kusalimia, nikasema "Kamwene" kwa Kihehe kibovu ulichonifundisha, wakaniitikia wakitazama mikono yangu kama ya mwizi. Ningeweza kusema ukweli. Ningeweza kusema, jamani, aliwadanganya. Lakini ningesemaje, wakati majani ya kaburi lako hayajaota, na mama yako amekaa pale na nguo nyeusi? Nikanyamaza, nikaubeba uongo wako juu ya kichwa changu. Sikuubeba kwa mapenzi. Niliubeba kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuubeba.

Siku yenyewe ikafika. Mahindi yalikuwa yamemwagwa mbele ya ghala kama kichuguu. Niliweka mashine kwenye uwanja, ndogo, kavu, ina pedeli moja na tundu moja la kuingizia. Ilionekana kama kitu ambacho bado hakijaisha. Nikasikia mtu akisema, "Ndiyo hii tu?"

Mwanamke wa kwanza alikuwa mwenye mimba ya miezi mingi. Nikataka kumzuia, akapanda. Akaingiza gunzi. Kasiani, ule mlio! Kama mvua ya mawe juu ya bati, halafu punje zikamwagika chini na gunzi tupu likatokea upande wa pili, safi, jeupe. Akaingiza la pili kabla hajamaliza kushangaa. Alikanyaga huku anazungumza na jirani yake. Hakuhema. Wakaanza kupanga mstari, wakaanza kusukumana, na ndani ya muda ambao marungu yangemaliza gunia moja, nyuma yetu yalikuwa yamejaa manne. Nilisimama pale mikono nyuma. Nilitaka kukugeukia. Niligeuka kweli, nikamkuta Komba.

Kisha Mwenyekiti akanyoosha mkono, akasema mbele ya watu wote, "Tumeona inapukuchua. Sasa tuonyeshe inavyosaga."

Nikasema, "Haisagi."

"Marehemu alisema inasaga."

"Marehemu alisema mengi, Ndugu Mwenyekiti. Mashine hii inapukuchua. Haisagi, haipepeti, haikati mabua. Inapukuchua tu."

Wengine wakaguna. Wanaume wawili watatu wakaondoka. Mwenyekiti akauma midomo, akawageukia wanawake, kwa maana neno lilikuwa lao. Wakawa wanatazamana. Hakuna aliyetaka kusema kabla ya mama yako, kwa kuwa ilikuwa mashine ya mwanawe.

Mama yako akainuka. Akaja polepole, ameshika beseni la punje alizozoa pale chini ya mashine. Akasimama mbele yangu. Alisema kwa sauti ya chini, lakini wote walimsikia. "Mwanangu, mimi aliniahidi unga. Alisema nitamimina huku mahindi, huku nitoe unga. Sasa wewe ndiwe mwenzake. Utaniwekea jiwe langu?"

Ningesema ndiyo, Kasiani. Siku ile nilikuelewa, nakuapia. Neno lilikuwa mdomoni, jepesi, tamu, na macho yake yalikuwa macho yako. Nilielewa jinsi ulivyokuwa ukikaa barazani kwake na kushindwa. Kuelewa hakujaniondolea hasira, usije ukafurahi. Ila nilielewa.

Nikasema, "Hapana, mama. Sitaliweka. Nikiliweka, hutaweza kuikanyaga."

Alinitazama. Nilidhani atanilaani. Akasema, "Kasiani tangu anyonye hajawahi kunikatalia kitu. Nilikuwa nasubiri arudi na jiwe. Sasa ndiyo naamini kwamba amekufa."

Akalia, kilio ambacho siku ya mazishi hakukilia. Wanawake wakamshika. Mimi nilibaki nimesimama na spana mkononi, sijui niiweke wapi. Alipotulia alijifuta kwa khanga, akamkabidhi mtu beseni, akapanda kwenye pedeli. Akaingiza gunzi. Akaingiza jingine. Alipukuchua mpaka jua likawa utosini, hakumwachia mtu zamu, na waliosimama mstarini hawakumdai. Aliposhuka akamwambia Mwenyekiti, "Inatufaa." Basi, likawa limekwisha.

Nilipomsimulia Tusekile, alisema labda ulinikatalia mimi kwa sababu mimi ndiye mtu pekee ambaye ulijua hatakuacha. Nimelifikiria neno hilo tangu siku hiyo. Inawezekana ni kweli. Haliniponyi. Mtu asiyekuacha naye anastahili kuambiwa ukweli, tena yeye ndiye wa kwanza.

Nimeshakaa sana, mwanga dirishani umepungua na kuna mtu anagonga mlango. Nafikiri ni mtu wa kimoja cha vile vijiji vya jirani na kwenu, wanataka mashine zao. Nitawatengenezea, hizi hizi, bila kuongeza hata kitasa, mpaka zote ziwe zimesimama kwenye viwanja vyao na zinafanya kazi. Watakaoniuliza uliwaahidi nini, nitakwenda kwa kila mmoja nimwambie hapana kwa mdomo wangu. Nimeanza na aliye mgumu kuliko wote, waliobaki nitawamudu.

Pumzika, Kasiani. Bado nimekukasirikia na nitakukasirikia sana, lakini pumzika. Hasira yangu isikusumbue huko, ni ya hapa hapa.

Na ahadi ninayo. Hizi zikiisha, nitamchongea mama yako kinu cha kusaga, cha peke yake, kinachosimama kwa miguu yake, kazi yake moja. Sijamwambia yeye. Sijamwambia Mwenyekiti, sijamwambia hata Tusekile. Nakuambia wewe tu, kwa sababu sasa ndiwe mtu pekee ninayeweza kumwambia jambo asiende kulitangaza.

Ni mimi mwenzako,

Ambakisye